Mama kafa na kansa ya utumbo, babu pia. Je, chakula kitaniokoa au ndo imeshaandikwa kwenye damu?

"Habari daktari, samahani ujumbe ni mrefu kidogo. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili. Mama yangu alifariki kwa kansa ya utumbo mpana akiwa na miaka 47. Babu mzaa mama tunaambiwa naye aliondoka na kansa hiyohiyo akiwa na hamsini na kitu. Mama mdogo alitolewa kizazi akiwa na 44 sababu ya kansa, yeye yuko hai mpaka leo. Tangu mwaka jana nimeacha nyama kabisa, nimeacha sukari, nakunywa poda ya majani na maji ya alkalaini, na nimeanza vidonge vya beta karotini na vitamini E. Rafiki kaniambia kuna kampuni unawatumia mate wanapima DNA yako halafu wanakupangia chakula kinachoendana na jeni zako ili usipate kansa. Binamu yangu anasema najisumbua bure, hii ni ya ukoo na chakula hakibadilishi jeni. Nani yuko sahihi? Na nitume hayo mate? Kaka yangu yeye hataki hata kusikia hizi habari."

Dada yangu, pole sana kwa mama. Swali umeliweka kama ubishi kati yako na binamu, chakula au damu, na ntalijibu hilo, ila nilipofika kwenye mstari wa mama mdogo ndo nikasimama, na huo mstari wewe umeupita harakaharaka kama habari ya pembeni.

Watu wengi wakisikia mama kansa ya utumbo, mama mdogo kansa ya kizazi, wanahesabu magonjwa mawili yasiyojuana. Kwa sisi tunaoshughulika na kansa za kurithi, hizo mbili zikikutana kwenye ukoo mmoja, tena kwa watu ambao hawajafika hata miaka 50, tunawaza kitu kimoja kwanza, nacho ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa Lynch. Kuna kanuni ya zamani tunaiita 3-2-1: ndugu watatu wa karibu wenye kansa za aina hii, vizazi viwili vinavyofuatana, na angalau mmoja awe ameugua kabla ya miaka 50. Hiyo kanuni mwanzoni ilihesabu utumbo tu, mwaka 1999 ndo wakaingiza na kansa ya mji wa mimba. Babu, mama, mama mdogo. Kama ya mama mdogo ilikuwa ya mji wa mimba, kwa hesabu hiyo ukoo wako umetimiza zote tatu.

Sijasema unayo. Nasema ukoo wako unastahili kupimwa vizuri, na kabla ya yote mpigie mama mdogo umuulize kansa yake ilikuwa ya shingo ya kizazi au ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Watu huita zote kansa ya kizazi lakini ni vitu viwili. Ya shingo karibu zote zinaletwa na kirusi cha HPV na haihusiani na hii stori. Ya ukuta wa ndani ndo inayoingia kwenye hesabu. Hakumbuki? Mwambie atafute karatasi za hospitali za wakati ule, majibu ya nyama iliyopelekwa maabara yanakuwa yameandika.

Haya, turudi kwa binamu.

Kwa watu wengi duniani binamu yako amekosea. Kansa zinazotokana moja kwa moja na hitilafu ya jeni ya kurithi ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu ya kansa zote. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa wa mapacha wa Sweden, Denmark na Finland, jozi 44,788, wakaangalia pacha mmoja akiugua mwenzake naye anaugua mara ngapi, na kwa kansa ya utumbo mchango wa urithi ukakadiriwa kama asilimia 35, maana yake sehemu kubwa inayobaki ni mambo mengine. Halafu kuna Wajapani waliohamia Hawaii, kwao kansa ya tumbo ilikuwa juu na ya utumbo mpana chini, ndani ya kizazi kimoja au viwili zikapishana, ya tumbo ikashuka ya utumbo ikapanda. Jeni haziwezi kubadilika kwa miaka 40, kilichobadilika ni sahani na maisha.

Tena kuna mahali chakula na jeni vinakutana ana kwa ana mpaka unaona kwa macho. Pombe ikiingia mwilini inageuzwa kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu inayoharibu DNA, halafu kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni ya ALDH2 kinaifuta. Watu wengi wenye asili ya Asia Mashariki wamerithi toleo la hiyo jeni ambalo halifanyi kazi vizuri, akinywa kidogo tu uso unakuwa mwekundu na moyo unakimbia, na akiendelea kunywa hatari yake ya kansa ya koo la chakula inapanda sana kuliko jirani yake anayekunywa kiasi kilekile. Asipokunywa kabisa hiyo jeni kwenye hili la pombe inakaa kimya. Hapo huwezi kusema ni jeni au ni chakula, ni vyote viwili kwa pamoja.

Na sumukuvu, ile ya kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu, yenyewe inafika kwenye ini, vimeng'enya vyetu wenyewe vinaigeuza kuwa kali zaidi, inagonga jeni inayoitwa TP53 na mara nyingi inaacha alama sehemu ileile, namba 249. Mwenye homa ya ini B akila sumukuvu hatari haijumlishwi, inazidishwa. Kwa hiyo kuna chakula ambacho kweli kinabadilisha jeni, ila kwa kuiharibu, na hapo binamu kakosea mara ya pili.

Ila kwa ukoo kama wenu, kama ni Lynch kweli, binamu ana nusu ya ukweli.

Utando wa ndani wa utumbo unajibadilisha wote kila baada ya siku chache, kwa hiyo seli zake zinagawanyika usiku na mchana, na kila seli ikigawanyika inabidi inakili herufi kama bilioni 6 za DNA. Makosa lazima yatokee, hasa pale herufi moja inapojirudia rudia, AAAAAAAA, mnakilishaji anateleza anaweka A tisa badala ya nane. Mwili unalijua hilo, ndo maana kuna kikosi cha kusahihisha kinachopita nyuma kikikagua kazi kama msahihishaji wa gazeti kabla halijaenda mtamboni. Kikosi hicho kinatengenezwa na jeni nne hasa: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba moja ya mama. Mwenye Lynch amezaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima inatosha kufanya kazi, kwa hiyo anakua vizuri tu, hana dalili yoyote, mpaka siku moja kwenye seli moja ile nakala nzima nayo inaharibika, na kuanzia hapo seli hiyo na watoto wake wote wananakili bila mkaguzi. Makosa yanarundikana kwa kasi. Kwa mtu wa kawaida kijinyama cha kwenye utumbo kinaweza kuchukua miaka 10 au zaidi kuwa kansa, kwa mwenye Lynch wakati mwingine ni mwaka mmoja mpaka mitatu.

Unaona sasa chakula kinagusa wapi. Ile nakala mbovu uliyozaliwa nayo hakiigusi, hakuna jani wala poda inayoirekebisha, na anayekuuzia kwa madai hayo anakudanganya. Chakula kinaweza kugusa mazingira ambamo zile seli zinagawanyika, yaani zinachokozwa kiasi gani, homoni zinazozisukuma ziko nyingi kiasi gani, na labda seli iliyoharibika inakufa mapema au inaachwa iendelee.

Na tunalijua hilo sio kwa kukisia, maana Lynch ni moja ya sehemu chache ambapo watu wenye jeni inayojulikana walipewa chakula kwa majaribio kabisa, nusu wanapewa nusu hawapewi, wenyewe hawajui wamepata kipi. Utafiti unaitwa CAPP2, ulioongozwa na John Burn wa Newcastle. Walitumia wanga sugu, ni wanga ambao utumbo mdogo unashindwa kuumeng'enya, unafika mzima kwenye utumbo mpana, bakteria wa kule wanaula na kutoa asidi inayoitwa butireti, ambayo seli za utumbo zinaipenda kama chakula chao na ambayo maabara ilionyesha inazizuia seli mbovu kukua. Upo kwenye maharage, kwenye ndizi ambayo haijaiva sana, kwenye viazi vilivyopikwa vikaachwa vipoe. Kwa hiyo kila mtu alitegemea kansa ya utumbo mpana ipungue.

Haikupungua. Gramu 30 kila siku, kwa wastani miaka miwili hivi, na kwenye utumbo mpana hamna tofauti. Watu wakakata tamaa. Lakini walivyoendelea kuwafuatilia kwa miaka mingi, mwaka 2022 wakaja na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kansa nyingine za Lynch, za nje ya utumbo mpana, zilikuwa watu 27 kati ya 463 waliokula wanga huo, na 48 kati ya 455 wasiokula. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa kwenye kansa za sehemu za juu, tumbo, kongosho, utumbo mdogo, ambazo ndo zinatusumbua kuzigundua mapema. Ni utafiti mmoja, mimi natamani urudiwe kabla sijaupigia debe, ila maharage na nyuzinyuzi hazina hasara kwa mtu, kwa hiyo kula tu.

Watu haohao walipewa pia aspirini miligramu 600 kwa siku, wengine kidonge bandia. Baada ya miaka 10 waliopata kansa ya utumbo ni 40 kati ya 427 kwa upande wa aspirini na 58 kati ya 434 kwa upande wa pili. Tafadhali usikimbilie dukani. Aspirini inaweza kutoboa vidonda vya tumbo, kuleta damu, na dozi yake inategemea mtu, hilo ni la kukaa na daktari baada ya kujua kama una Lynch au huna.

Kilichonivutia zaidi mimi kwenye hiyo kazi ni uzito. Wenye unene uliopitiliza walikuwa na hatari ya kansa ya utumbo kama mara 2.4 ya wale wenye uzito wa kawaida, na wote hao ni watu wa Lynch, jeni zilezile. Kwa waliokuwa kwenye aspirini hiyo nyongeza ya uzito haikuonekana. Yaani mwili mnene unaishi kwenye hali ya uvimbe wa ndani kwa ndani, insulini juu, na kwa mwanamke mafuta yanatengeneza estrojeni ambayo inasukuma ukuta wa mji wa mimba, na huo ukuta kwenye ukoo wenu tayari uko kwenye orodha. Kwa hiyo ukiniuliza kitu kimoja cha mtindo wa maisha cha kushikilia, ntakwambia uzito na kutembea kabla sijafika kwenye nyama.

Nyama nayo tuongee. Shirika la utafiti wa kansa la WHO mwaka 2015 liliweka nyama za kusindikwa, soseji, bekoni, hemu, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika, gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo kwa kama asilimia 18. Hiyo 18 inatisha ukiisoma peke yake, lakini ni nyongeza juu ya hatari uliyonayo, sio kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Nyama nyekundu ya kawaida iko kundi la chini yake, kuna uwezekano mkubwa inasababisha. Kwako wewe ningesema za kusindikwa achana nazo, nyekundu punguza, usiiunguze mpaka iwe nyeusi. Kama umeacha kabisa na unajisikia vizuri sawa, ila hakikisha unapata madini ya chuma na vitamini B12 kutoka kwingine, hasa unapoona hedhi kila mwezi.

Sukari haiendi kulisha kansa moja kwa moja kama mnavyosambaziwa kwenye meseji. Kila seli inatumia glukosi, ukiacha sukari ini lako litaitengeneza lenyewe. Ubaya wa sukari nyingi ni unene na insulini, basi. Maji ya alkalaini yakifika tumboni yanakutana na asidi kali na hadithi inaishia hapo, damu yako inakaa kati ya 7.35 na 7.45 unywe nini usinywe nini, mapafu na figo ndo kazi yao. Hela hiyo nunua matunda.

Vidonge vya beta karotini naomba uviache leo. Hapa sibembelezi. Miaka ya 80 watu walikuwa na hoja nzuri kabisa, wanaokula mboga za rangi wana kansa kidogo, mboga zina beta karotini, basi tuwape kwenye kidonge. Finland wakawapa wavuta sigara wanaume 29,133, majibu yakatoka 1994: kansa ya mapafu IMEONGEZEKA kwa asilimia 18 kwa waliokunywa. Marekani walikuwa na utafiti kama huo unaendelea, ukabidi usimamishwe mapema 1996 maana nao ulionyesha ongezeko la asilimia 28. Hao walikuwa wavutaji na waliofanya kazi kwenye asbesto, wewe huenda sio mmoja wao, lakini hamna faida yoyote unayoipata ya kulipia. Vitamini E ndo hivyohivyo, wanaume zaidi ya 35,000 waligawanywa wapewe vitamini E, madini ya seleniamu, vyote viwili au vidonge bandia kuona kama vinazuia kansa ya tezi dume, na waliopewa vitamini E peke yake wakapata zaidi kwa asilimia 17. Karoti yenyewe kula.

Sasa mate. Usitume, au ukituma jua unanunua burudani. Hizo kampuni za chakula cha DNA nyingi zinaangalia tofauti ndogondogo za jeni ambazo karibu kila mtu anazo moja au nyingine, kila moja inasogeza hatari kidogo sana, halafu zinakwambia kula brokoli. Brokoli ungekula tu. Hatari yenyewe ni kwamba nyingi hazisomi zile jeni nne kwa ukamilifu, zinachungulia sehemu chache, wewe unapata ripoti yenye rangi ya kijani inasema uko salama, unalala usingizi, wakati jeni iliyomuua mama haijaangaliwa kabisa.

Kipimo chenyewe kina mpangilio wake na watu wengi wanaanzia kwa mtu asiye sahihi. Wa kupimwa kwanza sio wewe, ni mama mdogo, kwa sababu yeye aliugua na yuko hai. Wakikuta hitilafu kwake, tunajua hasa tunatafuta nini, wewe unapimwa herufi hiyohiyo tu na jibu linakuwa la wazi, unayo au huna, na ukiwa huna hatari yako inarudi karibu na ya mtu yeyote. Tukianza na wewe jibu likatoka halina kitu, hatujui kama hukurithi au kama maabara haikuona kile ambacho ukoo wenu unacho. Pia ulizia hospitali alikofanyiwa upasuaji mama. Vipande vya uvimbe huwa vinahifadhiwa kwenye nta kwa miaka, na vinaweza kupakwa rangi maalumu kuona kama protini za zile jeni nne zipo au moja imepotea. Tafuta daktari wa kansa au mshauri wa magonjwa ya kurithi, nenda na mchoro wa ukoo, nani aliugua nini akiwa na miaka mingapi, upande wa mama na wa baba. Kama hitilafu ilikuwepo kwa mama, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu. Kaka yako pia. Usimlazimishe, mpe tu namba ya daktari na umwambie kipimo kikitoka kwa mama mdogo chake kitakuwa damu kidogo tu na jibu la ndio au hapana.

Na wakati unasubiri yote hayo, umri wako wa 34 na mama aliyekufa na 47 tayari vinatosha kuomba kolonoskopi sasa, ile kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Ikithibitika ni Lynch, kwa MLH1 na MSH2 huwa inaanza miaka 20 mpaka 25 na kurudiwa kila mwaka mmoja au miwili, PMS2 na MSH6 hatari yake ni ndogo kwa hiyo inaweza kuchelewa. Inaokoa kwa sababu daktari akiona kijinyama anakikata palepale kabla hakijawa kitu. Finland, kwenye familia za Lynch, walifuatilia watu 252 kwa miaka 15, 133 walichunguzwa kila miaka mitatu na 119 hawakuchunguzwa. Kansa ya utumbo ilipungua kwa asilimia 62, na waliokufa nayo kwenye kundi lililochunguzwa ni sifuri, kundi lingine 9. Hamna chakula duniani kimewahi kuonyesha namba kama hizo, na mimi ni mtu ninayependa habari za chakula. Mji wa mimba hauna kipimo kizuri namna hiyo, ndo maana wengine wakimaliza kuzaa wanachagua kuutoa, hilo ni mazungumzo ya baadae na halina haraka wiki hii.

Chenye haraka ni hiki: ukiona damu kwenye choo, choo kikibadilika zaidi ya wiki tatu bila sababu, ukipungua uzito bila kutaka, ukiambiwa damu yako imepungua bila maelezo, au ukitoka damu katikati ya mwezi au nzito kuliko ulivyozoea, usisubiri majibu ya jeni wala miadi ya mbali, nenda siku hiyohiyo, na ukifika mlangoni sema kabisa kwamba mama alikufa na kansa ya utumbo akiwa na 47, maana ukinyamaza wataona mtu wa miaka 34 na watakupa dawa ya bawasiri.